UZI: Vipele visivyo na madhara sehemu za siri na usoni, namna ya kuvitambua kabla hujavichoma

#1 NgoziKwanza

Wadau, nafungua uzi huu kwa sababu kuna watu wanaharibu ngozi nzima hapa Nairobi kwa kutibu kitu ambacho hakihitaji dawa. Mtu anaona vipele kwenye uume, kwenye mashavu ya uke au ukingoni mwa mdomo, anaona haya kumuuliza yeyote, anaishia kununua kichupa cha dawa ya kuchoma sunzua, yaani vinyama vya zinaa. Wiki ya pili anakuja na kidonda halisi.

Naanza na vidoa vya Fordyce kwa sababu ndivyo vya kawaida kuliko vyote. Hizi ni tezi za mafuta. Tezi ya mafuta kwa kawaida hukaa ubavuni mwa shina la unywele na kumwaga mafuta yake humo. Za Fordyce hazina unywele, na zimekaa juu juu, ndiyo maana unaziona. Kila kimoja kina milimita 1 hadi 3, rangi nyeupe au manjano iliyofifia. Vinakaa kwenye ukingo wa mdomo wa juu, ndani ya mashavu, kwenye shina la uume, mfuko wa korodani na mashavu ya uke. Mtu huzaliwa navyo, lakini homoni za balehe ndizo huvikuza, kwa hiyo kijana wa miaka 15 anaviona kwa mara ya kwanza na kudhani kuna kitu kimempata. Takriban asilimia 70 hadi 80 ya watu wazima wanavyo. Jina linatokana na John Addison Fordyce, daktari wa ngozi wa Marekani aliyevieleza mwaka 1896.

Namna ya kuangalia: simama karibu na dirisha mchana. Tochi ya simu inamulika kwa upande na kuleta vivuli, kila kitu kinaonekana kimeinuka. Vuta ngozi taratibu kwa vidole viwili. Vidoa vya Fordyce hujitokeza zaidi ngozi ikivutwa, na ukiachilia vinafifia. Ukipitisha ncha ya kidole husikii kitu, au unasikia mkwaruzo mdogo tu. Haviumi, haviwashi, havina maji ndani, havina shimo katikati.

Ukikamua, kinaweza kutoa kitu kizito cheupe. Si usaha, ni mafuta yale yale ya tezi. Hapo ndipo wengi hujithibitishia kwamba wana maambukizi na kuendelea kukamua mpaka ngozi inachubuka na bakteria wanapata mlango. Tafadhali msikamue.

#2 DaktariWaZamu

Umeanza vizuri. Niongeze vile vya safu, kwa sababu ndivyo vinavyofananishwa zaidi na sunzua.

Kuna vipele vya lulu, vinavyozunguka ukingo wa kichwa cha uume. Vina milimita 1 hadi 2, mara chache hufika 4, laini, vya mviringo au virefu kidogo. Vinajipanga safu moja, mbili au tatu, vyote karibu ukubwa mmoja, rangi ya ngozi au nyeupe ya waridi. Ni tishu za nyuzi zenye mishipa midogo ya damu ndani, basi. Havina virusi, haviambukizwi kwa ngono na havitokani na uchafu, kwa hiyo kusugua kwa sabuni kunavimbisha tu. Hujitokeza baada ya balehe na katika miaka ya 20, na hupungua umri ukisonga. Kwa wasiotahiriwa huonekana zaidi, lakini kutahiriwa hakuvifuti, na mtu aliyetahiriwa kuwa navyo si ushahidi wa zinaa.

Sunzua ni kitu kingine. Inaletwa na virusi vya HPV. Aina ya 6 na ya 11 husababisha karibu asilimia 90 yake. Haipangi safu. Inaanza moja au mbili mahali penye msuguano: kwenye kishikio cha govi chini ya kichwa, kwenye govi, kona ya nyuma ya mlango wa uke, au kandokando ya njia ya haja kubwa. Uso wake ni wa kukwaruza, kingo hazilingani, na zikiungana hufanya koliflawa ndogo. Kubwa kuliko yote, inabadilika. Ndani ya wiki chache moja inakuwa nne. Vipele vya lulu na vya Fordyce unaviona Januari, na Juni viko vile vile.

Kwa hiyo kipimo bora cha nyumbani ni muda. Pima kwa rula, andika idadi na mahali, kisha angalia tena baada ya wiki 4. Ukitaka kupiga picha, tumia mwanga ule ule na umbali ule ule, na uipange simu isipandishe picha zako mtandaoni yenyewe.

#3 Achieng_K

Mnazungumzia wanaume tu. Je, sisi akina dada?

#4 MkungaWaEastlands

Dada, umeuliza jambo ambalo hata wahudumu wengine hulikosea.

Ndani ya mlango wa uke, kwenye upande wa ndani wa mashavu madogo, kuna wanawake wenye vijinyama laini vyembamba vya rangi ile ile ya utando unaovizunguka. Kitaalamu huitwa papilomatosisi ya vestibuli. Ni maumbile. Angalia mambo mawili. Kwanza, vinalingana kulia na kushoto. Pili, na hili ndilo la kushikilia: kila kijinyama kina shina lake peke yake mpaka chini. Sunzua kadhaa huungana kwenye shina moja. Vijinyama vya maumbile ukivigusa ni laini, sunzua ni ngumu kidogo.

Tumia kioo kidogo cha mkononi, mguu mmoja juu ya stuli, tenganisha mashavu kwa vidole viwili vya mkono mmoja. Osha mikono kwanza. Usiangalie siku ambayo umetoka kunyoa au una fangasi, kwa sababu utando ukivimba kila kitu kinaonekana kikubwa.

Vidoa vya Fordyce pia mnavyo, upande wa ndani wa mashavu makubwa na kwenye mashavu madogo, manjano manjano, vingi.

Na nisisahau matiti: vile vipele vinavyozunguka chuchu ni tezi za Montgomery. Mimba ikiingia huvimba, na hutoa mafuta yanayolinda ngozi ya chuchu wakati wa kunyonyesha. Kina mama wajao huvikamua wakidhani ni chunusi, wanapata jipu kabla mtoto hajazaliwa. Viacheni, oga kwa maji ya kawaida.

#5 Kijana_wa_Pipeline

Mtandaoni wanasema upake siki, ikigeuka nyeupe basi ni HPV. Ni kweli?

#6 DaktariWaZamu

Si kweli kwa ngozi ya nje. Asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5 hugeuza kuwa nyeupe ngozi yoyote iliyokwaruzika, iliyovimba, yenye fangasi, hata vijinyama vya maumbile alivyoeleza mkunga. Unapata jibu la uongo, na hofu inazidi. Vituo vya afya hutumia asidi hiyo kukagua mlango wa kizazi, lakini hilo ni eneo jingine, linaangaliwa na mtu aliyefunzwa, kwa swali lingine kabisa. Siki ya jikoni ikifungwa kwa pamba usiku kucha kwenye uume inaunguza, siki ya tufaha ikiwemo.

Nieleze pia vinavyofanana na hivi lakini ni ugonjwa, ili mtu asijifariji kupita kiasi.

Molaskamu: vinundu vya mviringo vinavyong'aa, milimita 2 hadi 5, kila kimoja na kishimo katikati. Ni virusi, vinaambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi au kwa taulo. Kwa kawaida huisha vyenyewe, lakini huchukua miezi 6 au zaidi ya mwaka. Mtu mzima akiwa navyo vingi usoni, apime VVU.

Tutuko, yaani malengelenge ya sehemu za siri: mkusanyiko wa malengelenge madogo yanayouma au kuchoma, yanapasuka na kuacha vidonda. Vipele visivyo na madhara havipasuki vyenyewe.

Kaswende: kidonda kimoja kisichouma, kingo ngumu. Kwa kuwa hakiumi watu hukipuuza, kinajifunga chenyewe baada ya wiki kadhaa na ugonjwa unaendelea ndani. Hatua ya pili inaweza kuleta vinundu bapa vyenye unyevunyevu, ambavyo hata mhudumu anaweza kuviita sunzua. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye vinundu bapa vyenye majimaji afanyiwe kipimo cha damu cha kaswende kabla ya kuchomwa chochote.

Na jambo la haraka kuliko yote: kama ngono isiyo na kinga imetokea ndani ya saa 72 na unaogopa VVU, acha kuhesabu vipele. Nenda ukaulizie dawa za kinga za PEP leo hii, kila saa inayopita inapunguza kazi yake.

#7 Mfamasia_Ngara

Naomba niseme la upande wa kaunta, maana hapo ndipo mambo huharibikia.

Mteja anainama kwenye dirisha la kemisti na kusema kwa sauti ya chini "nipe dawa ya vipele vya chini." Bila kuonekana, bila maswali, anapewa moja kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni krimu ya mseto: steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), dawa ya fangasi na antibayotiki kwenye tyubu moja. Uwekundu unapungua siku mbili za mwanzo, kwa hiyo mtu anaamini imefanya kazi. Lakini ngozi ya mfuko wa korodani inanyonya steroidi takriban mara 40 kuliko ngozi ya mkono chini ya kiwiko. Jambo hili lilipimwa na Feldmann na Maibach mwaka 1967. Ukipaka huko steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni kwa wiki kadhaa, ngozi inakonda, mishipa inajitokeza, inachoma ukiacha kupaka, na kama kulikuwa na fangasi kweli, inaenea ikiwa imejificha. Vidoa vya Fordyce vitaonekana zaidi, kwa sababu ngozi iliyovifunika imekonda.

Cha pili ni podofilini. Ni dawa halali ya sunzua, lakini hupakwa kwenye sunzua yenyewe tu, kwa kijiti, ngozi ya kando ikiwa imekingwa kwa vaselini, na ile ya nguvu inaoshwa baada ya saa 1 hadi 4. Mjamzito haitumii kabisa. Kupaka safu nzima ya vipele vya lulu ni kuchoma ngozi nzima ya kuzunguka kichwa cha uume.

Cha tatu sicho cha kemisti, ni vichupa visivyo na lebo vinavyouzwa barabarani na kwenye mitandao. Hujui ndani ni asidi gani wala nguvu yake.

Ukishaungua: maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, yasiyo baridi ya barafu. Usimwagie magadi ili "kuua asidi", joto la mchanganyiko huo linaongeza kidonda. Usipake dawa ya meno. Paka vaselini nyembamba, vaa chupi pana ya pamba. Malengelenge yakitoka, ngozi ikigeuka nyeupe au nyeusi, au mkojo ukikataa kutoka, ni hospitali siku hiyo hiyo.

#8 Kinyozi_Kayole

Vipele vingine vya kinena na kidevuni ni vya wembe tu. Nywele zetu zimejipinda. Ukikata kwa wembe wa karibu sana, ncha inabaki kali chini ya usawa wa ngozi, inakua kwa kupinda na kujichoma ndani. Ukiangalia kwa makini utaona kitanzi cheusi cha unywele chini ya kipele: ncha zote mbili ziko ndani ya ngozi. Mwili unapigana nao, ndipo uvimbe na usaha.

Suluhisho ni kuacha nywele milimita 1 kwa mashine badala ya wembe. Kama lazima wembe: kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika 5, povu la kutosha, wembe mpya wa ncha moja, fuata uelekeo wa nywele, usivute ngozi, usirudie mahali pale pale. Kuvuta ngozi ndilo kosa kubwa, kwa sababu ukiachilia, ncha zinazama. Kwa vilivyokwisha vimba, acha kunyoa wiki 4. Kitanzi unaweza kukiinua kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, bila kung'oa unywele. Ukiung'oa, unaokuja nyuma unapinda tena.

Mwenye kunyoa wateja wengi asafishe mashine kati ya kichwa na kichwa. Molaskamu na fangasi hupita hapo.

#9 Wanjiru_M

Na vile vidoa vyeusi vilivyoinuka mashavuni na shingoni? Kwenye familia nyingi mama anavyo, shangazi anavyo, na mtu akifika miaka 30 vinaanza.

#10 NgoziKwanza

Dada, hivyo ni vya kurithi, na ni vya sisi wenye ngozi nyeusi hasa. Madaktari huandika DPN, kifupi cha dermatosis papulosa nigra. Aldo Castellani alivieleza mwaka 1925. Milimita 1 hadi 5, hudhurungi au nyeusi, mashavuni, kando ya macho na shingoni, wanawake zaidi ya wanaume, na huongezeka kadiri umri unavyoenda. Si saratani na havigeuki kuwa saratani.

Kama unataka kuviondoa kwa sababu ya sura, ni haki yako, ila hapa nasisitiza sana uchague mtu mwenye uzoefu na ngozi nyeusi. Njia inayofaa ni umeme wa nguvu ya chini: krimu ya ganzi dakika 30 hadi 60 kabla, kila kidoa kinaguswa kidogo mpaka kibadilike rangi, kigaga kinaanguka chenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Vinavyoning'inia hukatwa kwa mkasi mdogo. Nguvu ikizidi, panabaki shimo au doa jeusi. Nitrojeni ya kugandisha ikataeni usoni: inaua chembe za rangi kabla hata ya kidoa chenyewe, na mtu anatoka na madoa meupe kwenye shavu.

Mwambie daktari aanze na viwili au vitatu pembeni mwa taya, halafu msubiri wiki 6 hadi 8 muone ngozi inavyopona. Mwenye historia ya makovu yanayovimba aseme mapema. Baada ya hapo kinga ya jua ya 30 na zaidi kila asubuhi, hata Julai Nairobi ikiwa na mawingu, la sivyo alama zinakuwa nyeusi.

Krimu za kung'arisha hazifanyi lolote kwa DPN. Zinang'arisha ngozi ya kando na kidoa kinajitokeza zaidi. Na zile zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku kama vipodozi hapa Kenya, ingawa bado zinapatikana madukani mjini.

Vinyama vinavyoning'inia shingoni na kwapani ni jambo la msuguano na uzito. Havina shida, lakini vikija vingi pamoja na ngozi ya shingo kuwa nyeusi na nene, pima sukari. Kufunga kwa uzi wa kushonea kunaoza na kunuka. Daktari anakata kwa dakika moja.

#11 Mutua254

Kwenye mikono juu ya kiwiko kuna vile vya kukwaruza, ngozi ya kuku. Vinaondokaje?

#12 Mfamasia_Ngara

Hiyo ni keratini, protini ngumu ya ngozi, iliyoziba vishimo vya nywele. Losheni yenye urea asilimia 10 hadi 20, au asidi laktiki 5 hadi 12, mara mbili kwa siku ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Wiki 6 ndipo utaona tofauti. Ukiacha, vinarudi. Jiwe la kusugulia na sponji ngumu vinaongeza madoa meusi.

#13 Kijana_wa_Pipeline

Vidoa vya Fordyce na vya lulu vinaweza kuondolewa kabisa kama mtu hataki kuviona?

#14 DaktariWaZamu

Vinaweza, kwa leza ya kaboni dayoksaidi au umeme, chini ya ganzi. Kidonda huchukua wiki 1 hadi 2 na ngono inasubiri mpaka kipone sawasawa. Fordyce vinaweza kurudi, kwa kuwa tezi ina mzizi chini. Ngozi yetu inaweza kubaki na madoa meupe au meusi, na doa hilo linaonekana zaidi kuliko kipele kilichotolewa. Ushauri wangu ni kuviacha. Mweleze mwenzi wako jinsi vilivyo, akiwa na wasiwasi njooni kliniki pamoja.

Vinundu vigumu vyeupe ndani ya ngozi ya korodani ni vifuko, vikubwa hukatwa. Vidoa vyekundu iliyokolea au vyeusi vya korodani kwa wanaume wa umri ni mishipa midogo iliyopanuka. Vikikwaruzwa hutoa damu, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10.

Usisubiri wiki 4 kama kipele kinatoa damu bila kuguswa, kinakua haraka, kimekuwa kidonda kisichopona kwa wiki 3, au ni doa jeusi jipya kwenye nyayo au chini ya kucha. Nyayo na chini ya kucha ndipo melanoma, saratani ya ngozi, hutokea zaidi kwa watu weusi.

#15 Achieng_K

Mtu akienda kliniki aseme nini? Wengi wanakwama mlangoni.

#16 MkungaWaEastlands

Pale mapokezi sema tu "nataka kuonwa, ni jambo la ngozi la faragha." Huna wajibu wa kueleza mbele ya foleni. Ndani, sema manne: viko wapi, vilionekana lini, vimeongezeka au la, na umepaka nini. Hilo la mwisho msilifiche, nendeni na tyubu yenyewe. Omba mhudumu wa jinsia yako kama unapendelea, au mtu wa pili awepo chumbani.

Kliniki ya magonjwa ya zinaa ya Casino pale River Road wamezoea maswali haya kila siku, na hospitali za kaunti zina maofisa wa kliniki wanaoweza kutofautisha. Daktari wa ngozi yupo Kenyatta, kwa barua ya rufaa. Ukiwa hapo omba kipimo cha VVU na kaswende vyote pamoja. Kama tukio la mashaka lina chini ya miezi 3, uliza tarehe ya kurudia.

Usinyoe siku 3 kabla na usipake chochote asubuhi ya kwenda.